Nilivyompeleka Pilato Baharini Akazoee Watu

Haya. Kwa kuwa sina tena amani njiani, kila nikitoka dukani kuna mtu ananishika mkono, "Mwalimu Wakesho, hebu tuambie ya mbwa," nimeamua kuyaandika yote kwenye daftari hili mara moja. Lipitisheni nyumba kwa nyumba, na atakayelimwagia chai atanunua lingine. Habari za tiketi na vibali nimeziacha, hazimfurahishi mtu.

Wengi wenu mnajua jambo lilivyoanza, lakini nalisema kwa ajili ya wale wa mbali. Pilato ni mbwa wangu wa shamba, mwekundu, miguu ya mbele myeupe mpaka kwenye vifundo kama mtu aliyenawa. Ndiyo maana ya jina lake, na katekista ameshanisamehe. Shamba langu liko nyuma ya Mwatate, pale mlima unapoanzia, na nyani wa pale mnawajua. Tangu mume wangu afariki, wanaopigania yale mahindi ni mimi na Pilato tu. Nyani wakiwa mbali, nilikuwa namfunga kwenye nguzo ya jikoni. Hakuwa na kazi nyingine wala rafiki mwingine.

Basi mwezi wa saba naibu chifu akaja kwangu kuuliza habari za mpaka wa shamba. Nilikuwa nimemshika Pilato kamba hapo langoni. Kufumba na kufumbua, kamba imenichomoka mkononi na Pilato yuko kwenye paja la mzee wa watu. Suruali ya kaki ikabaki na dirisha, majirani wanaangalia.

Naibu chifu hakunitukana. Nasema haya ili mjue si mtu mbaya. Alijifunga leso pajani, akaniambia, "Mwalimu, nakuheshimu. Lakini watoto wanapita hapa. Shule zikifunguliwa nitakuja tena, kwa lango hili hili. Mbwa akiweza kusimama na watu, aishi. Akishindwa, naita mtu wa bunduki." Nikajibu, "Ndiyo, mzee." Nikaingia ndani nikalia mpaka ugali ukaungua.

Ndugu yangu mdogo, Mwadime, anatunza nyumba ya Wazungu kule Tiwi, ufuoni kabisa, na wenyewe huja Krismasi tu. Nilipomwandikia, alinijibu upesi: "Dada, mlete. Huku mbwa hutembea pwani asubuhi bila kamba, hukutana na watu na mbwa wenzao, na hakuna vita. Akikaa likizo nzima atapata adabu." Nikafunga mzigo.

Mwatate mpaka Voi

Ile treni ya Taveta, ambayo tangu mpaka ufungwe haivuki tena kwenda Moshi, ilichelewa kama kawaida yake. Nilikuwa nimemsukia Pilato kifunga mdomo kwa kamba ya mkonge, kazi ya jioni tatu. Alikitafuna stesheni kabla hata moshi wa injini haujaonekana. Nikamshika kamba fupi, nikaikaza mpaka vidole vikafa ganzi.

Ndani ya behewa watu walituona wakahama wote upande mmoja. Jamani, sijawahi kusafiri kwa raha namna ile! Benchi zima letu, dirisha letu, viazi vitamu vyetu. Mama mmoja tu mwenye mtoto mgongoni alibaki karibu, akasema, "Mbwa hali treni nzima." Pilato alinguruma njia yote mpaka Voi, na mimi nilikaza kamba njia yote.

Voi tulilala kwa Bi Zuhura. Huyu nilimfundisha bintiye darasa la nne, na nyumba yao ni ya watu wa dini waliotoka pwani zamani. Nilikuwa nimemwandikia kwamba nakuja, ila habari za mbwa niliogopa kuzitaja. Aliponifungulia mlango alimtazama Pilato, akanitazama mimi, akasema, "Karibu, mwalimu. Yeye apite nyuma."

Nikaona nimedharauliwa. Nilikula wali wa nazi na samaki mkavu moyo umenuna, nikifikiria mbwa wangu kule nyuma na kiu yake. Nikaomba ruhusa nimpelekee maji. Kutoka uani, namkuta Pilato chini ya kivuli cha turubai, ana beseni la maji mbele yake, na mifupa ya mbuzi ameshaimaliza. Bi Zuhura alikuwa amemtengea kabla hata sijanawa mikono yangu. Nikaona haya, nikainama nichukue beseni nilioshe.

"Liache," akasema kutoka mlangoni. "Limekuwa lake, nenda nalo. Kwetu chombo alichokinywea mbwa huoshwa mara saba, na moja iwe kwa udongo. Nawe waijua Voi, mwalimu. Hayo maji mara saba nitayatoa wapi?"

Tukacheka hadi akashika ukuta. Hakumgusa Pilato hata kwa ncha ya kidole, na katika safari nzima hakuna aliyemkirimu kuliko yeye.

Voi mpaka Mombasa

Treni ya kutoka Nairobi ilikuwa ifike alfajiri. Tulifika stesheni na giza, jua likatoka, likapanda, likaanza kuchoma. Ati kuna behewa la mizigo limeacha reli huko juu. Saa tano ndipo ikaingia, na gadi wa treni, baba mnene mwenye filimbi shingoni, akasema mbwa anapanda behewa lake la nyuma na mimi napanda na watu.

"Ataniita," nikamwambia.

"Mama, mimi nimebeba simba wa kupelekwa Ulaya. Mbwa ni nini?"

Haya. Sijui kama ni kweli habari za huyo simba. Ninachojua ni kwamba tangu Voi mpaka Maungu, na Maungu mpaka Mackinnon Road, treni nzima ilimsikia Pilato. Si kubweka, ni kulia, sauti ndefu ya msiba. Abiria walianza kuulizana kama kuna maiti. Mackinnon Road gadi alikuja dirisha kwa dirisha, kofia mkononi. "Mwenye mbwa! Mwenye mbwa yuko wapi? Mama, tafadhali, njoo ukae naye, ama mimi nishuke hapa hapa."

Ndivyo nilivyofika Mombasa nimekaa juu ya gunia la kabeji za Wundanyi, katikati ya matenga ya kuku, nikinywa chai ya gadi kwa kifuniko cha chupa. Alikuwa mtu mwema sana. Alinipa mayai ya kuchemsha, akanionyesha picha ya watoto wake, na kila aliposimama yeye, Pilato alinguruma, na kila Pilato aliponguruma mimi nilivuta kamba. "Huyu ni mkali," gadi akasema. Nikamjibu kwamba ndiyo sababu ya safari.

Stesheni mpaka ng'ambo ya Likoni

Wenye mabasi hawatupandishi. Dereva mmoja wa teksi aliniuliza kama nina wazimu. Tukatembea. Hapo ndipo Pilato alipofanya mazoezi yake ya kwanza: Mombasa nzima kwa miguu, mimi kisanduku kichwani na beseni la Bi Zuhura juu ya kisanduku, watu wakitupisha kama msafara wa harusi. Kila kona kulikuwa na harufu ya kitu kinachokaangwa, na Pilato hakujua pua aielekeze wapi. Mji ule ni mzuri, jamani. Wanawake wamekaa barazani na mabuibui yao, wananiamkia mgeni bila kunijua, kisha wanauliza, "Na huyo je, atafuta nini mjini?"

Kwenye feri nilikata tamaa. Watu wengi vile hajawahi kuwaona maishani. Alilala chini, akatetemeka, meno nje, na nyuma yetu umati unasukuma. Nilikuwa nishaanza kumwambia Mungu basi, turudi nyumbani, yatakayokuwa na yawe, ndipo hamali mmoja mwenye mkokoteni wa mihogo akasimama. "Mama, mpandishe huku juu. Huko chini anaona magoti tu, hata mimi ningeuma."

Pilato akavuka bahari amekaa juu ya magunia ya mihogo, masikio yamesimama, na watu wote wa feri wanampigia saluti. "Gavana huyo! Pisheni gavana!" Hamali alikataa nilichomtolea. Alisema amebeba vitu vingi lakini gavana ni mara ya kwanza.

Mwadime alikuwa ng'ambo na lori la rafiki yake lililobeba makuti. Tulifika Tiwi jua likikaribia kuzama.

Tiwi

Nilikuwa nimeiona bahari mara moja tu, nikiwa msichana. Pilato hakuwahi. Alisimama juu ya mchanga, wimbi likaja, akalikimbiza, likarudi, akalikimbia. Mwisho akalibwekea kwa hasira mpaka akachoka, akayanywa yale maji ya chumvi. Wee! Alitapika usiku kucha. Mwadime akanigombeza. "Dada, mbwa akienda pwani hutembea na maji yake. Na umwangalie asile samaki aliyetupwa na maji. Kuna mmoja, bunju, akimla hufiki naye kesho."

Ndugu yangu alinipangia sheria. Tutoke asubuhi maji yakiwa yametoka, kabla mchanga haujawa moto. Tusikatize njia ya msikitini. Na tukikutana na mtu anayekwenda kusali, tuingie majini tumpishe, kwa sababu mbwa aliyelowa akimgusa mtu anamrudisha kujitwahirisha upya. Nilizishika zote. Siku ya pili alitokea mzee wa kanzu nyeupe. Nikamburura Pilato mpaka maji yakanifika magotini. Yule mzee akasimama, akacheka, akasema, "Mama, bahari yote hii, mbona wakaribia kuzama kwa ajili yangu? Hapo ulipokuwa palitosha." Watu wa pale wana ustaarabu, siwezi kuusifu nikaumaliza.

Lakini mbwa wangu hakubadilika. Wanawake wa Kidigo waliokuwa wakitafuta pweza miambani, aliwangurumia. Mama wa Kizungu wa nyumba ya tatu alipita na mbwa wake wawili, manyoya mengi, hawana kamba. Pilato alisimama kwa miguu miwili kuwafuata, na mimi nikining'inia nyuma. "Wewe wacha kamba, mama," yule Mzungu akaniambia kwa Kiswahili chake. "Wao sema jambo, basi." Niache kamba? Nikamwona hana akili. Na hao mbwa wake wenye adabu niliosikia habari zao, walikwiba samaki mzima, chewa, jikoni kwa Mwadime siku hiyo hiyo.

Wiki ikaisha. Usiku nilihesabu siku zilizobaki, nikaona bunduki.

Kisha ikaja siku ya mgema. Tulikuwa tunapita kwenye minazi nyuma ya nyumba, na juu ya mnazi mmoja alikuwapo mtu, kisu kiunoni na kibuyu cha tembo mkononi. Sasa fikirini. Mbwa wa Taita, tangu utoto wake kitu chenye mikono kilicho juu ya mti ni adui. Pilato aliruka, kamba ikanikata kiganja, akafika chini ya mnazi na kuushambulia kwa meno. Yule mtu alikuwa ameshateremka nusu. Akapanda tena upesi kuliko nyani mwenyewe.

"Mama!" akaita. "Mwite mwanao!"

"Nisamehe, baba! Anadhani wewe ni nyani!"

Akachungulia chini. "Mimi ni nani?"

Nikaeleza, huku nimeishika tena ile kamba na kuivuta kwa nguvu zangu zote. Nilimweleza habari za shamba, na jinsi tunavyokaa kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo cha kulindia mahindi. Nyani wakitokea, naikaza kamba ili Pilato aache kubweka na kujiandaa. Naikaza, naikaza, wanakaribia, kisha naiachia na anaondoka kama jiwe. Miaka minne tumefanya hivyo, na hawatuwezi.

Mgema, jina lake Mwero, alisikiliza yote akiwa ameukumbatia mnazi. Alikuwa mtu wa maneno mengi na aliyenuna, nami simlaumu. "Basi mama," akasema, "ukiikaza kamba ndiyo kumwambia adui yuaja. Na sasa waifanya nini hiyo kamba?"

Nikaitazama mikono yangu.

Nilikuwa nimeikaza mpaka mishipa imenitoka. Kumbe! Treni yote nimeikaza. Kwa gadi aliyenipa mayai, kwa akina mama wa pweza, kwa mzee wa kanzu. Na siku ile langoni, nilipomwona naibu chifu anakuja, nikaogopa mbwa asije akanitia aibu, nikaikaza, nikaikaza, kisha ikanichomoka. Nilifanya yote kama tunavyofanya shambani, hatua kwa hatua. Pilato hakukosea hata kidogo. Mimi ndiye niliyemtuma amng'ate naibu chifu.

Nilikaa chini kwenye mchanga, nikalia mbele ya mtu nisiyemjua.

"Utalia baadaye," Mwero akasema. "Mimi mikono yachoka. Iache hiyo kamba, uondoke."

Niliogopa, nisidanganye. Nikaifungua shingoni kabisa, nikaitupa, nikampa mgongo mbwa wangu na kuanza kwenda. Hatua kumi. Ishirini. Kubweka kukapungua, kukawa kama kuuliza. Kisha nikahisi pua yenye maji kwenye kiganja changu kilichokatwa na kamba. Nyuma yetu Mwero alishuka, akafuta jasho, akavunja kipande cha nazi na kumrushia. Pilato akanusa nazi, akanusa hewa ya upande wa Mwero, akala.

Toka siku hiyo sikumfunga tena. Kila asubuhi tulikwenda mbali, mpaka kwenye mdomo wa mto na kurudi, mikono yangu nimeifunga nyuma ili isinisaliti. Alikimbia na wale wezi wawili wa samaki mpaka wote wakalala kifudifudi mchangani. Wanawake wa pweza walimzoea wakawa wanampigia makelele kwa jina, na pweza alipomshika pua kwa mkono mmoja walicheka hadi wakakaa majini. Siku ya mwisho Mwero alikuwa juu ya mnazi anaimba, na Pilato amelala chini ya mnazi ule ule, tumbo juu. Haki ya Mungu, sikuwahi kujua kwamba mbwa wangu ni mchangamfu. Miaka minne nyumba moja, na sikujua.

Kurudi, na langoni

Kurudi hakuna cha kusimulia. Tulichelewa Mombasa, tukachelewa Voi, na kwenye treni ya Mwatate watu hawakuhama, kwa hiyo tulibanana.

Shule zilifunguliwa Jumatatu. Jumanne naibu chifu akaja, na wengi wenu mlikuwepo mmejipanga kwenye ua, msijifanye hamkuwepo. Mliona nimesimama bila kamba mkakimbilia nyuma ya mparachichi. Nilimsikia mmoja wenu akisema, "Mwalimu amechoka kuishi." Naibu chifu alisimama nje ya lango. Alikuwa na suruali mpya na fimbo, na ile fimbo alikuwa ameikinga mbele ya paja. Sikuwa nimefikiria kwamba na yeye anaogopa.

"Mwalimu, mshike," akasema.

"Nikimshika ndipo atakapouma, mzee. Mimi ndiye niliyemfanya akuume. Nisamehe."

Nikamweleza mbele yenu wote, dungu, kamba, na mikono yangu. Ilikuwa aibu lakini niliisema. Naye alisikiliza mpaka mwisho, akaegemeza fimbo kwenye ua, akafungua lango. Pilato akaondoka miguuni pangu. Nilifunga macho. Wallahi nilifunga macho, mimi Mkristo, nikasema wallahi. Nilipoyafumbua, mbwa wangu alikuwa ananusa lile paja polepole, kisha akakaa juu ya kiatu cha naibu chifu, akaegemea mguu wake na kupiga miayo.

Yule mzee alishusha mkono, akaurudisha, akaushusha tena mpaka ukafika kichwani kwa Pilato.

"Na nyani," akauliza, "bado anawaweza?"

"Anawaweza, mzee. Ni kuikaza kamba tu."

"Kule kwangu wamenimaliza."

Nikamwambia simleti. Akimtaka, aje mwenyewe amchukue, atembee naye kwa mkono wake katikati ya soko, watu wamwone, na kamba iwe legevu. Akaniangalia sana, nikadhani nimevuka mpaka.

Jumamosi, saa moja asubuhi, alikuwa langoni. Amevaa ile suruali ya zamani, yenye kiraka pajani.